Mvumbi alionekana na dunia nzima. Na sisi, nani anajua majina yetu?

NYANGWE. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2021, timu ya wanaume ya Kongo yetu ilifika kwa mara ya kwanza ku kombe la dunia la mpira wa mikono, ule mchezo Wafaransa wanaita handball. Kombe lilichezwa Misri, wakati wa korona, viwanja vitupu bila watazamaji. Mechi zote tatu za kwanza tulipoteza. Argentina walitufunga 28 kwa 22. Denmark, ambao mwisho wa mwezi walichukua kombe lenyewe, walitufunga 39 kwa 19. Bahrain nao wakatushinda. Timu inayofungwa namna hiyo kwa kawaida inarudi nyumbani kimya, na hata majirani hawajui kama ilisafiri.

Lakini safari ile dunia ilijua. Ilijua kwa sababu ya mtu mmoja, Gauthier Mvumbi, mchezaji wa katikati, mrefu na mnene, mwenye mwili ambao watu hawajazoea kuuona ku uwanja wa mchezo ule. Siku ya Argentina alitupa mpira mara 4, akafunga mara 4. Kabla siku haijaisha, video zake zilikuwa zinatembea toka telefoni moja mpaka nyingine, Ulaya, Amerika, Asia na Afrika. Wengine walicheka tumbo lake. Wengine waliandika: cheka wewe, lakini ule mtu hakukosa hata mara moja. Jina lake la mchezo, El Gigante, maana yake jitu kubwa, likajulikana. Hata Shaquille O'Neal, yule Mmarekani wa basketi aliyechukua ubingwa wa NBA mara 4, naye mwili wake si mdogo, alimtumia salamu kwa video. Toka siku ile Mvumbi akaitwa Shaq wa mpira wa mikono.

Kwa nini mtu wa sendika ya wachimbaji anawaletea habari ya mpira ku gazeti? Kwa sababu vijana wetu wa machimbo, huku Kasongo na Kabambare, wameshika somo moja ku habari kama hii: ukionekana, umepona. Wanashuka ku shimo na telefoni. Wanapiga video ya mchanga unaong'aa, ya mshipa mpya wa dhahabu, ya mwenzao anayecheza ngoma na koleo ku mkono. Wanasema: "Siku moja na mimi nitapita, dunia itaniona." Siwalaumu. Mtu anayefanya kazi gizani ana haki ya kutamani mwanga. Ila tuangalie vizuri ule mwanga unatoka wapi, unamwangaza nani, na ukizimika unaacha nini.

Mvumbi aliingia na nini mkononi

Tuanze na Mvumbi mwenyewe. Watu wanadhani alijulikana kwa sababu ya mwili tu. Hapana. Watu wanene wako wengi duniani, na Shaq hajawatumia salamu. Mvumbi, Mkongo anayeishi Ufaransa, alikuwa na vitu vinne wakati video ile ilipotoka. Alikuwa na timu, ile ya mji wa Dreux, hata kama ni ya madaraja ya chini ambayo hayamlishi mtu. Alikuwa na karatasi ya mchezaji. Alikuwa na shirikisho lililomwandikisha ku kombe la dunia. Na alikuwa na nguo yenye jina lake na jina la nchi yake mgongoni. Mtu wa Marekani akiona video na kuuliza "huyu ni nani?", jibu liko tayari: jina, nchi, timu, idadi ya magoli. Kwa hiyo salamu ilijua mlango wa kubisha.

Hata hivyo, umaarufu wa telefoni peke yake si mshahara. Telefoni inatembea hivi: wewe unayetazama unanunua mega, kampuni yenye ule mtandao inauza matangazo juu ya macho yako, na anayetazamwa kwa kawaida hapati kitu mpaka awe na mkataba na mtu. Sisi wachimbaji tunaijua njia hii vizuri kuliko profesa. Kasiterite inatoka shimoni, inapita kwa mwenye shimo, kwa mnunuzi mdogo, kwa mnunuzi mkubwa wa mjini, kwa nyumba inayosafirisha, na kila mkono unabakiza chake. Anayeshika kwanza njo anabaki na kidogo. Tena bati letu la Maniema, dhahabu yetu na koltani ya Kivu viko ndani ya telefoni zile zile. Tunauza jiwe, kisha tunanunua mega ili tuangalie watu wanaong'aa ndani ya jiwe letu.

Kule Ulaya kuna nchi ndogo inaitwa Slovenia. Watu wake ni kama milioni 2 tu. Lakini mpira wa mikono kule ni kazi. Timu moja ya kule, Celje, ilichukua kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka 2004. Mchezaji wa timu kubwa namna ile akipendwa na watu ku telefoni, ile sifa inakuta mkataba umemngojea: kuna timu inayomlipa, kuna kampuni inayotaka avae viatu vyake, kuna mtu anayesoma karatasi mbele hajatia sahihi. Sifa ni kama mvua. Mwenye pipa anakinga maji, na asiye na pipa analowa tu.

Wale ambao telefoni haikuwaona

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kabla ya wanaume kufika Misri, mabinti wa Kongo walikuwa wameshafika ku kombe la dunia la mpira wa mikono zaidi ya mara moja. Walikuwa Serbia mwaka 2013, Denmark mwaka 2015, Japani mwaka 2019. Mara tatu kabla ya wanaume kufika hata mara moja! Nani kati yetu alipokea video yao? Mimi sijaona mtu hata mmoja huku kwetu aliyenitajia jina la mmoja wao.

Wazee walisema chema chajiuza. Ku telefoni si hivyo. Telefoni inapenda kinachoshangaza: mwili mkubwa, kicheko, anguko, moto. Kazi ya miaka, ya mtu anayeamka kila siku na kurudia jambo lile lile, haiipendi sana. Wamama wetu ku machimbo wanalijua hili. Wao njo wanaotwanga mawe, wanaosafisha mchanga ndani ya maji mpaka kiuno, wanaobeba magunia na kupika chakula cha watu wa shimo. Ukitazama video za machimbo, wao wako nyuma ya picha. Wakati wa kugawa nao wako nyuma. Basi tusipime thamani ya mtu kwa hesabu ya watu waliomtazama. Tukipima hivyo, tutawadharau wale wale wanaotulisha.

Luhihi: siku dhahabu ilipoonekana

Sasa tutoke uwanjani, tuje ku udongo. Ule mwaka ule 2021, miezi miwili haijapita tangu video za Mvumbi, video nyingine ya Kongo ilizunguka dunia. Ilitoka Luhihi, territoire ya Kabare, Kivu ya Kusini. Mliiona: watu wengi juu ya kilima, wanachimba kwa koleo, kwa chuma, hata kwa mikono, wanaweka udongo ndani ya mifuko na kwenda kuuosha ku mabeseni. Dunia ilisema: angalia, Kongo kuna mlima wa dhahabu! Watu wa mbali walifurahi pamoja na sisi, au walifikiri wanafurahi.

Ile furaha ilifuatwa na nini? Mwanzo wa mwezi wa tatu, waziri wa madini wa jimbo alisimamisha uchimbaji Luhihi. Watu walikuwa wamefurika kule kuliko kijiji kinavyoweza kubeba, na askari nao wamo. Na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba lazima wachimbaji wajulikane na waandikwe kwanza. Simtetei waziri wala simshitaki. Ninachotaka mwone ni hiki: wale wachimbaji walionekana na dunia nzima, lakini kwa Leta walikuwa hawana jina. Aliyeonekana bila kuandikwa akaondolewa kama mgeni ku udongo wa kijiji chake.

Sheria yetu iko wazi juu ya hilo. Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji wa mikono awe Mkongo mtu mzima, awe na karta yake, na awe ndani ya kooperative inayotambuliwa. Wengi wetu tunaichukia ile karta kwa sababu inauzwa, na kwa sababu anayeiuza mara nyingi haonekani tena siku ya shida. Nakubali. Lakini asiyekuwa nayo, siku video ya shimo lake itakapopita, atatolewa wa kwanza. Video inaita watu. Inaita wenye pesa, inaita wenye bunduki, inaita mtu mwenye karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa. Na kati ya hao wote, mwenye karatasi atauliza: "Wewe ni nani hapa?"

Mtu aliyetoa tisa

Kuna video ya tatu. Hii inaniuma kuliko zote. Mwezi wa tatu wa mwaka 2023, ku shimo moja la dhahabu Kivu ya Kusini, udongo ulianguka juu ya wachimbaji. Mtu mmoja akaanza kufukua, kwanza na koleo, halafu na mikono. Mara mtu akatoka, kama mtoto anayezaliwa, akateleza chini ya mlima. Akatoka wa pili. Akatoka wa tatu. Watu wanapiga kelele za furaha. Walitoka 9, hai. Televisheni kubwa za dunia zilionyesha ile video, mamilioni ya watu walilia machozi ya furaha.

Jina la mtu yule aliyefukua ni nani? Uliza popote huku kwetu, vijana watakuambia jina la Mvumbi, watakuambia jina la Shaq. La mtu yule, kimya. Alifunga 9 kwa 9, ndugu zangu, na nguo yake haikuwa na jina mgongoni.

Tofauti ya wale wawili iko hapo. Wote ni Wakongo, wote walifanya kazi ya nguvu, wote dunia iliwapigia makofi. Mmoja alikuwa ameandikwa mahali fulani. Mwingine hakuwa na kitu kati yake na udongo. Na kama angekufa yeye siku ile, mkewe angebisha mlango gani? Angeonyesha video ku ofisi gani, na nani angemjibu?

Kamituga, tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua kubwa ilizamisha mashimo ya dhahabu na watu ndani. Gavana wa jimbo alizungumzia watu 50 waliokufa. Lakini siku za kwanza pale pale hakuna aliyeweza kusema hesabu kwa uhakika, kwa sababu hakukuwa na orodha ya walioshuka. Video zilikuwepo. Kilio kilikuwepo. Orodha haikuwepo. Kila mchimbaji anayesoma hapa anajua swali la kwanza shimo likianguka: "Walikuwa wangapi chini?" Na anajua jibu: mmoja anasema 7, mwingine 11, halafu tunaanza kuhesabu viatu vilivyobaki juu.

Nyangwe ilishawahi kujulikana

Msidhani kuonekana na dunia ni jambo jipya kwetu hapa Nyangwe. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki kati ya wamama waliokuja kuuza, hapa hapa ku ukingo wa Lualaba. Wengi walikimbilia mtoni wakazama. Mzungu mmoja, David Livingstone, alikuwepo. Aliandika aliyoyaona. Aliandika hata hesabu ambayo wale Waarabu wenyewe walikadiria: kati ya watu 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, alikuwa anaandika juu ya magazeti ya zamani na wino wa matunda. Yale maandishi yalifika Uingereza, Wazungu wakashtuka, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Basi ile habari ilizaa kitu. Siwezi kukataa. Kuna nguvu ku macho ya dunia, na anayesema hakuna anadanganya. Lakini tusome mpaka mwisho. Jina la aliyeandika liko ku vitabu vyote. La mama hata mmoja aliyekufa mtoni siku ile, halipo. Tena miaka 22 baadaye, mwaka 1893, majeshi ya mfalme wa Wabelgiji yaliingia Nyangwe na Kasongo yakisema yanakuja kumaliza utumwa, kisha wakabaki na nchi. Dunia ilituonea huruma, halafu ikaja kuchukua. Kila mara wengine njo walioeleza habari yetu, na anayeeleza njo anachagua mwisho wa hadithi.

Kwa hiyo tufanye nini?

Sisemi kijana aache telefoni. Telefoni ni chombo kama koleo. Koleo lile lile linafukua mtu na linaweza kumzika. Nasema tuitumie kama watu wa kazi. Mapendekezo yetu ya sendika ni haya, na hayana gharama kubwa.

La kwanza: daftari ku mdomo wa kila shimo. Anayeshuka anaandikwa jina, kijiji, na mtu wa kupashwa habari. Anayepanda anafutwa. Mwenye shimo akikataa daftari, wachimbaji wenyewe wanaweza kulinunua. Bei yake haifiki bei ya mega za siku chache. Daftari hili njo litakuwa nguo yetu yenye jina mgongoni.

La pili: tusipige video ya mshipa mpya na kutaja mahali. Luhihi imetufundisha. Unajisifu asubuhi, na kesho yake umepata wageni elfu na amri ya kufunga.

La tatu: tupige video ya kinachotuua. Mti uliooza unaoshika udongo, kamba iliyokatika, maji yanayopanda, mtoto aliyeletwa kubeba gunia. Tuseme ndani yake tarehe, na shimo, na tuipeleke kwanza kwa kooperative, kwa sendika na kwa maajenti wa SAEMAPE, wale ambao Leta imewaweka kusaidia wachimbaji wadogo. Wakinyamaza, hapo dunia nayo ione. Video yenye tarehe ni ushahidi. Isiyo na tarehe ni mchezo.

La nne: jina la mtu liwekwe kwa ruhusa yake, na hasa majina ya wamama. Siku ya kugawa, siku ya mkutano, siku ya kuchagua viongozi wa kooperative, waitwe kwa majina kama wanaume.

Kuna watakaosema: "Wewe mtu wa sendika unatunyima furaha. Mvumbi alitufurahisha, tuache tufurahi." Nami nilifurahi! Mkongo aliyechekwa kwa mwili wake akajibu kwa kazi, hakuna mchimbaji ambaye haelewi utamu wa jibu hilo. Mjini wanatucheka sisi pia: wachafu, walevi, watu wasio na kesho. Mvumbi hakuwajibu waliomcheka kwa matusi, alitupa mpira mara 4 na mara 4 ukaingia. Tufurahi, na tumheshimu.

Ila tumfuate mpaka ndani. Kabla ya video ile alikuwa na timu, na timu ilikuwa na shirikisho, na shirikisho lilikuwa na orodha. Kijana wa Nyangwe anayetaka kuwa Mvumbi wa machimbo aanze hapo: kooperative yake iko wapi, karta yake iko wapi, na jana aliposhuka, nani aliandika jina lake?